Mikato ya kibodi: Vitufe vitatu vinavyorahisisha kazi, na namna matapeli wanavyovitumia

KATIKA ofisi nyingi za mijini, siku ya kazi humalizika kwa shughuli ile ile. Karani hufungua folda ya ankara, huchagua mafaili ya siku hiyo, huyanakili, kisha hufungua flashi na kuyabandika humo, ili kompyuta ikiharibika au kuibwa kumbukumbu za ofisi zisipotee.

Shughuli hiyo haichukui zaidi ya dakika chache. Hata hivyo hurudiwa kila siku, na siku ambayo karani amechelewa au amechoka ndiyo siku ambayo huachwa. Mara nyingi thamani ya nakala hizo hutambuliwa baada ya hasara kutokea.

Kompyuta yenyewe inaweza kuifanya kazi hiyo mwanzo hadi mwisho, mradi iandikiwe maelekezo mara moja na ipewe ishara ya kuanza. Ishara hiyo inaweza kuwa vitufe viwili au vitatu vya kibodi vinavyobonyezwa kwa pamoja, hata kama wakati huo mtumiaji anaandika barua au anasoma habari kwenye intaneti.

Lakini tangu mwaka 2024 uwezo huo huo umegeuzwa pia kuwa mtego. Matapeli wa intaneti wamekuwa wakiwaelekeza watu kubonyeza vitufe fulani kwa mfuatano fulani, na watu hao wamejikuta wameendesha kwa mikono yao wenyewe maelekezo yaliyoandikwa na wezi.

Kwa sababu hiyo, mtumiaji wa kompyuta wa leo anahitaji kuelewa mambo mawili kwa pamoja: namna ya kuiamuru mashine yake kwa vitufe, na namna ya kutambua anapotumiwa kutekeleza amri za mtu mwingine.

Skripti na mkato wa jumla

Maelekezo yanayozungumzwa hapa huitwa skripti. Skripti ni faili la maandishi ya kawaida lenye amri zilizopangwa kwa mfuatano, ambazo kompyuta huzisoma na kuzitekeleza moja baada ya nyingine.

Inafanana na maagizo anayopewa tarishi wa ofisi: nenda posta, chukua barua, pitia benki, rudi. Tofauti ni kwamba tarishi akikuta posta imefungwa atatumia busara yake. Skripti hufuata kilichoandikwa, kiwe sahihi au kiwe na kosa.

Ishara ya kuianzisha ni mkato wa kibodi, na mikato iko ya aina mbili. Aina ya kwanza inajulikana na karibu kila aliyewahi kutumia kompyuta. Ctrl na C kwa kunakili, Ctrl na V kwa kubandika, Ctrl na S kwa kuhifadhi. Mikato hii hupokelewa na programu iliyo mbele ya mtumiaji wakati huo, na kila programu ina hiari ya kuipa maana yake.

Aina ya pili ni mkato wa jumla. Huu hupokelewa na kompyuta bila kujali ni programu gani iliyo mbele. Mtumiaji anaweza kuwa katikati ya sentensi ya barua, akabonyeza vitufe vyake, na skripti ikaanza kazi nyuma ya pazia huku barua ikibaki ilipokuwa.

Ilikotoka

Wazo hilo lina zaidi ya miaka 40. Kompyuta ya kwanza ya IBM iliyoitwa PC ilitoka mwezi Agosti, 1981. Mmoja wa wahandisi walioitengeneza, David Bradley, ndiye aliyeweka mkato wa Ctrl, Alt na Del ili kuiwasha upya mashine iliyokwama.

Vitufe hivyo vilichaguliwa kwa makusudi. Ctrl na Alt vilikuwa upande wa kushoto na Del upande wa kulia kabisa, hivyo ilihitajika mikono miwili na haikuwa rahisi mtu kuvibonyeza kwa bahati mbaya na kupoteza kazi yake.

Mwaka 1984 kampuni ya Borland ya Marekani ilitoa programu iliyoitwa SideKick. Wakati huo kompyuta za mfumo wa DOS ziliweza kuendesha programu moja tu kwa wakati mmoja, na aliyetaka kufanya hesabu ndogo alilazimika kufunga kazi yake kwanza.

SideKick iliepuka kikwazo hicho kwa kubaki kimya ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ikiwa imekaa kati ya kibodi na programu nyingine. Mtumiaji alipobonyeza Ctrl na Alt kwa pamoja, kikokotoo, daftari na kalenda vilijitokeza juu ya kazi aliyokuwa akiifanya.

Programu za aina hiyo zilipendwa sana, lakini zilikuja na tatizo lake. Zilipowekwa kadhaa katika kompyuta moja, ziligombania vitufe, na mara nyingi ugomvi huo uliishia kwa mashine kukwama.

Kitufe kinapobonyezwa

Leo kazi ya kuamua nani apewe kitufe kipi hufanywa na mfumo endeshi, kama vile Windows, Linux au macOS. Kila kitufe kina namba yake. Kinapobonyezwa, kibodi hupeleka namba hiyo kwa mfumo endeshi, nao ndio unaoamua uipeleke wapi.

Programu inayotaka kuanzishwa kwa mkato wa jumla ina njia mbili za kufika hapo. Njia ya kwanza ni kujiandikisha. Katika Windows, programu huuomba mfumo uiarifu pale tu mkato fulani utakapobonyezwa. Mfumo hukubali iwapo hakuna mwingine aliyeuchukua mkato huo, na kuanzia hapo programu hiyo huarifiwa kuhusu mkato wake peke yake. Haielezwi chochote kuhusu vitufe vingine.

Njia ya pili ni kutega sikio. Programu hukaa njiani na kusikia kila kitufe kinachobonyezwa, kisha hujichagulia vile inavyovihitaji. Njia hii ina uwezo mkubwa zaidi, kwani programu inaweza kutambua hata maneno yanayoandikwa. Lakini programu inayosikia kila kitufe husikia pia neno la siri la benki na barua ya mapenzi.

Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo kiini cha suala zima la usalama wa mikato ya kibodi, na wengi hupakua programu bila kujua ni ipi inayotumika.

Hatua kwa hatua katika Windows

Mtumiaji wa Windows hahitaji kununua wala kupakua chochote ili kuanza. Kwa kazi ile ya kunakili ankara, anaweza kufungua programu ya Notepad na kuandika mstari mmoja tu:

robocopy D:\Ankara E:\Akiba /E

Mstari huo unaiamuru kompyuta kunakili folda iitwayo Ankara, pamoja na folda zote zilizomo ndani yake, na kuziweka katika folda ya Akiba iliyoko kwenye flashi. Amri ya robocopy imekuwemo ndani ya Windows tangu toleo la Vista, na ina faida ya kuruka mafaili ambayo hayajabadilika, hivyo nakala ya pili huchukua muda mfupi kuliko ya kwanza.

Faili hilo huhifadhiwa kwa jina linaloishia na .bat, kwa mfano hifadhi.bat. Wakati wa kuhifadhi, Notepad iambiwe kuwa hili ni faili la aina yoyote. Bila hivyo itaongeza .txt mwishoni, na kompyuta italichukulia kama barua badala ya amri.

Hatua inayofuata ni kutengeneza kiungo cha faili hilo na kukiweka kwenye uso wa skrini, pale zinapokaa alama za programu. Kiungo kikibofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchaguliwa Properties, hufunguka dirisha lenye kisanduku kilichoandikwa Shortcut key. Mtumiaji akibonyeza herufi H ndani ya kisanduku hicho, Windows yenyewe huongeza Ctrl na Alt mbele yake.

Tangu hapo, kubonyeza Ctrl, Alt na H kwa pamoja kutaanzisha kunakili, programu yoyote iwayo mbele. Sharti lililopo ni kwamba kiungo kibaki kwenye uso wa skrini au ndani ya menyu ya Start. Kikihamishiwa kwenye folda nyingine, mkato hufa.

Yapo mambo matatu ya kuchunga hapa. Kwanza, herufi ya flashi inaweza kubadilika. Iliyokuwa E leo inaweza kuwa F kesho iwapo kuna kifaa kingine kilichochomekwa, na skripti haitajua.

Pili, wapo wanaoshauri kutumia /MIR badala ya /E. Amri hiyo hulinganisha folda mbili ziwe sawasawa, na ili kufanya hivyo hufuta kwenye flashi kila ambacho hakipo tena kwenye kompyuta. Aliyefuta ankara kwa makosa asubuhi na kubonyeza mkato jioni atakuwa amefuta na nakala yake.

Tatu, hata /E hubadilisha nakala ya zamani kwa faili jipya lenye jina lile lile. Faili likiharibika kwenye kompyuta, uharibifu huo utahamia kwenye flashi. Ni vyema kuwa na flashi mbili zinazotumika kwa zamu.

Vifupisho vya karani

Anayetaka zaidi ya hapo anaweza kutumia AutoHotkey, programu ya bure iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na ambayo toleo lake la pili lilikamilika mwezi Desemba, 2022. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma.

Katika AutoHotkey, alama ya ^ husimama badala ya Ctrl, ! badala ya Alt, + badala ya Shift na # badala ya kitufe cha Windows. Mstari ufuatao huandika tarehe ya leo mahali popote mtumiaji anapoandika, anapobonyeza Ctrl, Alt na T:

^!t::SendText(FormatTime(, "dd/MM/yyyy"))

Programu hiyo pia hupanua vifupisho. Karani akiandika mstari huu ndani ya skripti yake, kila atakapoandika kny na kuacha nafasi, yatatokea maneno kamili:

::kny::Kwa niaba ya

Mifano hii miwili inaonyesha wazi tofauti iliyoelezwa hapo juu. Kwa mkato wa tarehe, AutoHotkey inaweza kujiandikisha kwa Windows na kusubiri. Kwa kifupisho cha kny haina budi kusikiliza kila herufi, kwa sababu haiwezi kujua neno hilo limeandikwa bila kuzifuatilia herufi zote. Anayetumia programu hiyo kwa skripti aliyoiandika mwenyewe hana la kuhofia. Anayepokea skripti ya mtu asiyemfahamu ana sababu ya kuisoma kwanza, kwani wahalifu nao wamewahi kuitumia AutoHotkey kusambaza programu za wizi.

Mlango kwa wasioona

Kwa wengi, mikato ni suala la kuokoa muda. Kwa baadhi ya watu ni suala la kuweza au kutoweza kutumia kompyuta kabisa.

Mtu asiyeona hawezi kuuongoza mshale wa kipanya asiouona. Hutegemea programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, na anahitaji njia ya kuianzisha programu hiyo kabla hajasikia chochote.

Mojawapo ya programu hizo ni NVDA, inayotolewa bure, ambayo ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe akiwa asiyeona. Inapowekwa kwenye kompyuta, huweza kuacha kiungo kwenye uso wa skrini chenye mkato wa Ctrl, Alt na N. Njia hiyo ni ile ile anayoweza kuitumia karani kwa skripti yake ya ankara.

Ni muhimu basi kwa wanaosimamia kompyuta za pamoja, kama zile za maktaba, vyuo na vibanda vya intaneti, kutoviondoa viungo wasivyovijua matumizi yake. Kwa mtu mmoja kiungo hicho ni alama isiyo na kazi. Kwa mwingine ndicho mlango wa kuingilia.

Kwa watumiaji wa Linux na Mac

Katika Linux yenye mazingira ya GNOME, ambayo ndiyo hutumika katika Ubuntu, mikato hupangwa kwenye mipangilio ya kibodi. Mtumiaji huongeza mkato wake kwa kutaja jina, amri na vitufe anavyovitaka.

Makosa mawili huwasumbua wanaoanza. La kwanza ni kusahau kuipa skripti ruhusa ya kutekelezwa, jambo linalofanywa kwa amri ya chmod +x. La pili ni kuandika anwani ya faili kwa kifupi. Alama ya ~ inayowakilisha folda ya mtumiaji hueleweka kwenye dirisha la amri, lakini haieleweki kwenye kisanduku cha mikato. Anwani iandikwe yote, kuanzia /home.

Aidha, skripti iliyoanzishwa kwa mkato haina dirisha la kuonyesha ujumbe wake. Ikishindwa, hushindwa kimya kimya. Inafaa iwekewe amri ya notify-send mwishoni, ili mtumiaji aone taarifa fupi kuwa kazi imekwisha au imekwama.

Kwa upande wa Mac, kampuni ya Apple ilileta programu ya Automator mwaka 2005, na mwaka 2021 ikaongeza Shortcuts katika toleo la macOS liitwalo Monterey. Shortcuts humwezesha mtumiaji kupanga hatua za kazi na kuzipa mkato wa kibodi. Hata hivyo, haitaendesha skripti mpaka mtumiaji aingie kwenye mipangilio yake na kuiruhusu kufanya hivyo.

Kuchagua vitufe

Si kila mchanganyiko wa vitufe unafaa. Katika Windows, michanganyiko yenye kitufe cha Windows imetengwa kwa matumizi ya mfumo wenyewe. Mkato wa jumla ukifanana na ule wa programu, wa jumla ndio hushinda. Atakayefanya Ctrl na S kuwa mkato wake wa jumla atajikuta hawezi tena kuhifadhi barua kwa mkato huo.

Lugha ya kibodi nayo ina nafasi yake. Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na vistari wala nukta za ziada, na wanaokiandika kwa kibodi ya Kiingereza ya Marekani hawakosi chochote wakitumia Ctrl na Alt.

Hali ni tofauti kwa wanaotumia kibodi za Kifaransa, ambazo ni za kawaida Burundi na Kongo. Kibodi hizo zina kitufe cha AltGr, ambacho Windows hukichukulia kuwa sawa na Ctrl na Alt vikibonyezwa pamoja. Alama ya @ hupatikana kwa AltGr na kitufe cha 0. Aliyeweka skripti yake kwenye Ctrl, Alt na 0 ataianzisha kila anapojaribu kuandika anwani ya barua pepe.

Nani anasikiliza?

Mfumo wa madirisha uliotumika kwa miaka mingi katika Linux, uitwao X, ulifikia toleo lake la 11 mwezi Septemba, 1987, ukitokea Chuo Kikuu cha MIT nchini Marekani. Uliundwa wakati ambapo programu zilizokuwa kwenye kompyuta moja zilichukuliwa kuwa zinaaminiana. Programu yoyote iliyofunguka iliweza kusikia vitufe vyote, hata vilivyokusudiwa dirisha jingine.

Hali hiyo iliwarahisishia sana waandishi wa programu za mikato kama xbindkeys. Iliwarahisishia pia wanaotengeneza programu za kunasa maneno ya siri.

Mwaka 2008 mhandisi Kristian Høgsberg alianzisha mradi wa Wayland, unaofuata kanuni tofauti. Chini ya Wayland, dirisha husikia vitufe pale tu linapotumika. Msimamizi wa madirisha ndiye pekee anayesikia vyote, na programu inayotaka mkato wa jumla sharti imwombe yeye.

Mabadiliko hayo yalileta malalamiko, kwani programu nyingi za mikato zilizozoeleka ziliacha kufanya kazi. Utaratibu rasmi wa kuomba ruhusa ulichelewa. Mazingira ya KDE Plasma yaliupokea mwaka 2023 na GNOME mwaka 2025. Kwa miaka kadhaa, watumiaji waliupata usalama kwanza na urahisi baadaye.

Apple nayo ilichukua mwelekeo huo mwaka 2019, pale toleo la macOS liitwalo Catalina lilipoanza kuilazimisha programu inayotaka kusikia kibodi nzima ipate kwanza idhini ya mwenye kompyuta. Ujumbe huo unapojitokeza haufai kukubaliwa kwa mazoea.

Windows iliweka kizuizi kimoja cha kukumbukwa mapema zaidi. Mwaka 1993, toleo la Windows NT liliuchukua mkato wa Bradley wa Ctrl, Alt na Del na kuufanya ishara ya kuingia kwenye kompyuta. Hakuna programu ya kawaida inayoweza kuunasa mkato huo. Aliyeubonyeza alikuwa na uhakika kwamba kisanduku kinachomwomba neno la siri kimeletwa na Windows yenyewe, na hakikuwekwa na tapeli aliyeiga sura yake.

Mtego wa Windows na R

Vizuizi vyote hivyo vinalenga programu inayotaka kujipenyeza. Havina nguvu pale mwenye kompyuta anapoutekeleza uhalifu kwa mikono yake mwenyewe bila kujua, na hapo ndipo matapeli walipohamia.

Kitufe cha Windows kikibonyezwa pamoja na R hufungua kisanduku kidogo cha kuendesha amri. Ni mkato wa jumla uliomo katika Windows tangu toleo la mwaka 1995, na hufanya kazi popote. Chochote kitakachoandikwa humo na kufuatiwa na Enter kitatekelezwa, ikiwa ni pamoja na skripti nzima.

Mwaka 2024 wataalamu wa usalama wa kompyuta walianza kutoa tahadhari kuhusu mbinu waliyoipa jina la ClickFix. Mtu hufungua ukurasa wa intaneti na kuambiwa athibitishe kuwa yeye ni binadamu, au kwamba kuna hitilafu inayohitaji kurekebishwa. Anapobofya kitufe alichoonyeshwa, ukurasa huo huweka amri kwa siri mahali ambapo kompyuta hutunza maandishi yaliyonakiliwa.

Kisha huelekezwa kufanya mambo matatu: abonyeze Windows na R, abonyeze Ctrl na V, halafu abonyeze Enter. Kwa asiyejua, hiyo ni hatua ya kawaida ya uthibitisho. Kwa kweli hatua ya kwanza imefungua kisanduku cha amri, ya pili imebandika amri ya mwizi, na ya tatu imeitekeleza.

Mara nyingi amri hiyo hufungua programu ya PowerShell iliyomo ndani ya Windows na kuvuta skripti nyingine kutoka kwenye intaneti, ambayo hukusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na kuyapeleka kwa wahusika. Kwa kuwa hakuna faili lililopakuliwa kwa njia ya kawaida, onyo ambalo kivinjari hutoa kwa mafaili yanayotiliwa shaka halijitokezi.

Wenye Mac nao wameandaliwa mtego wao. Wao huambiwa wafungue programu ya Terminal na kubandika humo maneno waliyonakiliwa.

Ipo pia njia isiyomhitaji hata mtumiaji kubonyeza kitu. Mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba kifaa cha USB kinaweza kubadilishwa ndani yake kikajitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi. Kifaa kama hicho, chenye sura ya flashi ya kawaida, kikichomekwa huweza kujibonyezea Windows na R na kuandika amri kwa kasi ambayo hakuna mpiga chapa anayeweza kuifikia. Flashi iliyookotwa haifai kuchomekwa kwenye kompyuta ya ofisi, hata kwa nia ya kumtafuta mwenyewe.

Mambo ya kuzingatia

Kanuni inayotokana na haya yote ni fupi. Hakuna ukurasa halali wa intaneti unaohitaji mgeni wake afungue kisanduku cha amri ili kuthibitisha kuwa yeye ni binadamu. Ukurasa unaotaka hivyo ufungwe mara moja, na lililobandikwa lisifuatiwe na Enter.

Aliyekwisha kubonyeza Enter aitenganishe kompyuta hiyo na intaneti, amwarifu anayesimamia kompyuta za ofisi, na abadilishe maneno yake ya siri kwa kutumia kifaa kingine. Kuyabadilisha kwenye kompyuta ile ile ni kumkabidhi mwizi na maneno mapya.

Kwa anayetaka kunufaika na mikato, inafaa aanze na kazi moja anayoirudia kila siku, aandike skripti fupi, na aijaribu kwanza kwenye folda ya majaribio yenye mafaili yasiyo na thamani. Skripti aliyopewa na mwenzake aifungue kwa Notepad na kuisoma kabla ya kuipa vitufe. Asipoielewa, amwonyeshe anayeelewa.

Orodha ya mikato iliyowekwa iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa karibu na kompyuta, hasa pale inapotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Karani mpya asiyejua kwamba Ctrl, Alt na H huanzisha kunakili anaweza kudhani mashine imeingiliwa na virusi, na anayejua ataweza kutambua haraka siku ambayo kompyuta itafanya jambo lisilokuwemo kwenye orodha hiyo.